Hedifoni ya Nasreen Haisemi, na Fainali ni Jumamosi

Anti Lucky, salamu nyingi sana, sijui nikuamkie au uniamkie maana sauti ya redioni haionyeshi umri, basi pokea zote mbili, na mwandiko uniwie radhi, mimi niliishia darasa la nne na barua zangu zote huwa naandikiwa na binti yangu Nasreen, ila hii siwezi kumpa kwa sababu inamhusu yeye, na kosa lililomo ndani ni langu.

Anti, nina furaha mpaka mboga natia chumvi mara mbili, na nina hofu, vyote kwa pamoja. Mwanangu ameingia fainali! Siyo ya mpira wala ya kuimba, ni ya gemu, haya magemu ya kompyuta, wanacheza watano kwa watano, kila mtu na kioo chake, wanalinda ngome yao isivunjwe na wenzao, na fainali ni Jumamosi hii saa nane mchana ukumbini huko Msimbazi, watu wanakaa kwenye viti wanatazama kama wanavyotazama mpira. Nasreen ana miaka ishirini, yuko chuo, na kazi yake kwenye timu ni kuona na kusema, yaani anatazama ramani halafu anawaambia wenzake kwenye maiki ya hedifoni, wanakuja kushoto, mmoja amejificha nyuma, rudi wewe, na wale wanne wanamfuata. Sasa Anti, sauti yake haitoki.

Ngoja nieleze vizuri. Mwaka jana aliponunua hiyo hedifoni, ile kubwa inayofunika masikio yote, ina kijiti cha maiki kinakuja mpaka mdomoni, mimi nilikuwa siielewi. Kazi yangu ni kufuma vitambaa, nakaa barazani kwangu Magomeni nafuma, mwisho wa wiki napeleka Kariakoo, na nikiwa pale barazani nikawa namsikia mwanangu chumbani peke yake anapiga kelele, "Mpige huyo! Utsav, niko nyuma yako, usiogope!" nikawa najiuliza huyo Utsav ni nani, na yuko nyuma yake wapi wakati mlango nimeukalia mimi. Ubaya ukaniingia moyoni. Sikumuuliza, Anti. Badala ya kumuuliza nikainua mikono nikaomba, Mola wangu, hiki kidude kifanye kinyamaze kabisa. Ndiyo, niliomba hivyo, tena siyo mara moja.

Halafu mwezi uliopita akaniambia, "Mama, twende siku moja ukaone mwenyewe." Nikaenda shingo upande. Kumbe Utsav ndiye kapteni, kijana wa Kihindi mpole kabisa, mtoto wa mzee Jamnadas ambaye uzi wangu nanunua dukani kwake miaka kumi sasa, akaniamkia, "Shikamoo mama," akanipa kiti. Wakaanza. Anti! Mwanangu huyu ambaye ukimtuma dukani anarudi bila kununua kwa sababu kulikuwa na watu wengi, akakaa pale akasema, "Wote kulia, sasa hivi!" na watu wazima wenye ndevu zao wakaenda kulia, na kweli adui alikuwa kulia! Ukumbi mzima ukasimama. Dada mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo wa ushungi ana macho kisogoni," nikamgeukia nikamwambia, "Huyo wa ushungi nimemzaa mimi."

Nikarudi nyumbani nimejaa furaha na aibu ya ile dua. Nikasema lazima nimfanyie kitu mwanangu. Nikakaa siku tatu nikaifumia hedifoni yake nguo, rangi za timu, kijani na njano, uzi mnene ule mzuri nikaukunja mara mbili ili udumu, maua makubwa kwenye masikio yote mawili, kile kijiti cha maiki nikakivisha mpaka ncha, nikashuka na waya wote, kale kadude kenye kigurudumu cha kuongezea sauti katikati ya waya nako nikakavisha kasipate vumbi, nikaenda mpaka kwenye pini inayoingia kwenye kompyuta, nikaifunga shingoni kwa fundo la nyuzi ili ipendeze. Nyumbani kwangu kila kitu kina kitambaa, televisheni ina chake, friji ina chake, hata redio ninayokusikilizia wewe. Nasreen alipoiona alinyamaza kidogo, akaigeuza huku na huku, akasema, "Mama, umefuma mpaka waya?" Nikamwambia, "Mpaka waya, mwanangu." Akanikumbatia.

Kesho yake tu, Anti, dua yangu ikajibiwa. Wenzake wanasema wanamsikia kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Akigeuza shingo sauti inakatika kabisa, akirudisha inarudi. Sikio la kushoto yeye mwenyewe hasikii kitu. Na wenzake wanalalamika kwamba kila wakisema neno wanajisikia wenyewe, sauti zao zinawarudia kama wako ndani ya tangi tupu. Tumechomeka kwenye simu yangu, ni yale yale. Nimeitia kwenye mchele siku nzima kama wanavyofanya simu iliyoloa, ingawa haijaloa. Nimeomba dua ya kuiondoa ile dua. Wapi!

Tukaenda Kariakoo kwa fundi Nassibu, yule anayetengeneza simu na redio kwenye kimeza. Alipoishika alicheka mpaka akamwita jirani yake, "Njoo uone maajabu, hedifoni imevaa sweta, na joto lote hili!" Halafu akamwambia Nasreen, "Mdogo wangu, nikate hapa nione ndani."

"Hapana kaka, hiyo haikatwi."

"Basi tufumue kidogo, hapa kwenye maiki tu."

"Haifumuliwi pia. Amefuma mama."

"Sasa dada, mgonjwa hataki kuvua nguo, nitamtibuje?"

Nasreen akaichukua, akairudisha kwenye mkoba, akamshukuru, tukaondoka, na mimi moyoni nikamshukuru Mungu fundi hajaharibu kazi yangu, maana nilimwona hana adabu ya vitu vya watu.

Utsav naye akaja na hedifoni ya dada yake Hinal, mchezaji wao wa akiba, amwazime, Nasreen akakataa, akasema atavaa yake. Basi Utsav amesema, kwa upole lakini amesema, mazoezi ya mwisho ni Alhamisi jioni, asiposikika, Hinal ndiye atakaa kwenye kiti chake Jumamosi na yeye atakuwa wa akiba. Mwanangu akajibu, "Sawa." Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, lakini ametulia tu, anakunywa chai, ananiuliza nimeamkaje.

Anti Lucky, nimempa bodaboda barua hii ailete hapo kwenu, naomba uisome Jumatano asubuhi, Nasreen anakuwa chuoni. Nisaidie, dua ya mama inaondolewaje? Na nimwambie mwanangu kwamba ni mimi niliyemfunga sauti, au nifiche? Siku zimebaki chache na hata sindano ya kufumia nimeiweka chini.

Mimi Mama Nasreen, Magomeni.

*

Mama Nasreen, uko hapo? Sogeza kiti karibu na redio. Sasa kitambaa kilichofunika hiyo redio kitoe. Kitoe, nasubiri. Umenisikia nilivyokuja karibu? Basi nusu ya jibu umeshaipata.

Hongera sana kwa mtoto! Barua yako nimeisoma nimesimama. Nikamwita Pantaleo, fundi mitambo wetu, ambaye mwaka wa tisa huu ndiye anayeziangalia hedifoni tunazovaa hapa studio, nikamsomea pale ulipotaja ufumaji. Hakuniuliza swali hata moja. Alisema tu, "Anti, mwambie aivue."

Tuanze na dua, maana ndiyo iliyokutoa jasho. Uliomba mwaka jana. Hedifoni ikaendelea kusema vizuri mpaka mwezi uliopita, ukaenda ukaona kwa macho yako ukumbi mzima ukisimama. Ikanyamaza siku ya pili baada ya wewe kuivalisha. Mama, dua yako haimo humo. Humo kuna uzi.

Maiki ina tundu dogo kama la sindano, na sauti ya mwanao inapita hapo. Umeliziba kwa uzi mnene uliokunjwa mara mbili, halafu unashangaa anasikika kama yuko kwenye blanketi? Yuko kwenye blanketi! Sisi huku maiki zetu zina kisponji chepesi, ukikipuliza pumzi inatokea upande wa pili. Uzi wako haupitishi hata harufu. Kale kadude kenye kigurudumu pembeni yake kana kiswichi cha kuzimia maiki, sasa akigeuza shingo uzi unavutika, unakisukuma, sauti inakatika. Sikio la kushoto nalo: pini lazima iingie mpaka mwisho, uisikie imekaa. Fundo lako la kupendezesha limeizuia njiani, na pini iliyoingia nusu mara nyingi hulisha sikio moja tu. Na ule mwangwi wa tangi, ni yale maua. Yameinua mito ya hedifoni isikae sawasawa na masikio, kwa hiyo sauti za wenzake zinavuja nje, zinaingia kwenye maiki, zinawarudia wenyewe.

Pale ulipochomeka kwenye simu ulifanya jambo la maana bila kujua. Kwenye simu ingesema vizuri, tungejua ugonjwa uko kwenye kompyuta, aende kwenye setingi aangalie imechaguliwa maiki ipi. Kwa kuwa kote ni vilevile, ugonjwa unao mkononi. Na mchele upike, mama. Umeukalisha bure.

Sasa nikugombeze kidogo, na usinune. Ulimsikia mtoto anataja jina la mwanamume, ukaenda kushtaki juu kabla hujagonga mlango wa chumba. Hatua tatu kutoka barazani! Ungegonga, ungeuliza, "Nasreen, Utsav ni nani?" ungejibiwa, na miezi yote hiyo ungeikaa kwa raha. Na fundi Nassibu umemwita hana adabu, wakati ndiye peke yake aliyekwambia ukweli, ila aliusema huku anacheka.

Lakini kubwa kuliko yote umeliandika mwenyewe na ukalipita. Binti anayemwona adui aliyejificha nyuma ya ukuta, unadhani ameshindwa kuuona uzi uliopo mbele ya mdomo wake? Anajua, Mama Nasreen. Alijua tangu ile siku aliyonyamaza kidogo. Amemkatalia fundi, amemkatalia kapteni wake, na yuko tayari kukaa pembeni Jumamosi amtazame Hinal kwenye kiti chake, kuliko kukwambia wewe kwamba zawadi yako inamziba. Kwa hiyo usikae unangoja aseme. Hatasema. Atakunywa chai na kukuuliza umeamkaje mpaka fainali ipite.

Leo akirudi chuoni, chukua mkasi mdogo, mkae pamoja, na wewe ndiye ukate, siyo yeye. Mwambie, "Mwanangu, nimekuzibia sauti kwa mikono yangu, sikujua, nisamehe." Maneno hayo yanatosha, usiyarefushe kama barua hii. Anza kwenye pini, panda polepole, kata uzi usivute waya. Toa kwenye kigurudumu, toa kwenye maiki mpaka tundu lionekane, toa maua yote mawili. Ule upinde wa juu unaokaa kichwani uache na nguo yake, pale hapapiti sauti, na timu ijue kwamba huyu ana mama. Futa kwa kitambaa kikavu, hakikisha kiswichi hakijazimwa, sukuma pini mpaka ikae. Kisha Nasreen aingie chumbani, achomeke hedifoni kwenye simu yake, akupigie, na wewe ubaki barazani umsikilize. Ukimsikia kama amekaa kando yako, imepona.

Sikio la kushoto likikataa bado, shikeni waya karibu na pini muukunje taratibu. Sauti ikija na kupotea, waya umekatika kwa ndani, na hapo mrudi kwa Nassibu kesho asubuhi, safari hii mgonjwa ameshavua. Na hata hilo likishindikana, Alhamisi avae ya Hinal. Wewe ndiye umwambie avae, kwa mdomo wako, maana bila ruhusa yako hataigusa. Kilichoifikisha timu hiyo fainali ni macho ya Nasreen na ulimi wake, na hivyo hajaazima kwa mtu.

Habari ya dua usimwambie leo. Leo ana mechi kichwani. Mwambie Jumapili, mkiwa mmekaa, na nadhani atacheka mpaka amwite Utsav aje asikie.

Jumamosi nenda, vaa khanga yako nzuri, lakini kaa safu ya nyuma kabisa. Vigelegele vyako vizuie mpaka mchezo uishe, mama, nakuomba sana, maana maiki ya mwanao sasa itakuwa wazi, na wale wanne wanatakiwa wamsikie yeye.