Shaba Kwenye Bwawa Langu

Nyantakara, Jumanne jioni

Maji ya bwawa simwagi. Nimemwambia hivyo bwana samaki leo, ofisini kwake Biharamulo, mbele ya watu.

Alianza vizuri tu, "Shikamoo mama." Halafu akanisomea karatasi ya vipimo: shaba imezidi mno, maji yote yatolewe, bwawa likauke. Sato wangu wamebakiza miezi miwili wavunwe!

Nikamwambia, "Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba shaba huua konokono kabla ya samaki. Mbona konokono wangu wamejaa kingoni, wazima?"

"Mama, kipimo hakidanganyi."

Hilo neno liliniuma. Njia nzima nilikuwa namjibu kimoyomoyo.

Nimefika nyumbani, nikaiona ndoo niliyochotea yale maji ya kupima. Ndani ina utando wa bluu. Ndimo mume wangu, Baba Neema, anamochanganyia mrututu wa kupulizia kahawa, na mrututu ni shaba tupu. Nikakaa chini.

Kwa hiyo kipimo hakikudanganya. Kilipima ndoo.

Naogopa kidogo. Huenda mvua nayo imeteremsha mrututu kutoka shambani, sijui. Na kwenda kumwambia yule kijana kwamba kosa ni langu... Lakini nitamwambia. Asubuhi nachota upya, kwa chupa ya maji ya kunywa, nikiisuuza kwanza mara tatu kwa maji ya bwawa lenyewe.

Baba Neema ameniuliza kama aanze kufungua mfereji.

Nimemwambia akaoshe ndoo yake.