Mpira wa Heshima

Ilkeston, Septemba 1934

Shemeji Clement,

Sisi hatujambo. Matofaa yamezaa mpaka majirani wananikimbia wakiniona na kikapu.

Jumamosi timu ya kriketi ya kaunti ilimuaga nduguyo Enoch kwa mechi yake ya mwisho. Desturi unaijua: anayeagwa hurushiwa mpira laini wa kwanza, apate mkimbio mmoja, asitoke bure. Gaunt, mrushaji wa timu pinzani aliyemsumbua Enoch miaka yote, akaurusha taratibu kama anamrushia mtoto. Enoch akapiga hewa.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. "Mzee ana mizaha huyu!"

Gaunt hakucheka. Akarusha wa pili, taratibu zaidi, na mpira ulipodunda akapaza sauti, "Haya, Enoch, sasa!" Enoch akaupiga, akakimbia, watu wakampigia makofi wamesimama.

Nyumbani nikamuuliza. "Jua tu lilinipiga machoni, Hettie," akasema. Siku hiyo mawingu yalitanda tangu asubuhi. Nikamshikisha kikombe chake mkononi, kama ninavyofanya tangu Juni, naye akajifanya hakuona ajabu.

Umeandika kwamba utakuja kutoka Kanada mwakani. Njoo Krismasi hii, shemeji, angali anaweza kukuona.

Shemejiyo akupendaye,
Hettie