Mchezo Aliotutafutia Dada

Ghorofani, juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi.

Sasa nikupe habari za meza yako. Ile michezo uliyotuanzishia, ya kila mtu kujifanya mhusika na dadu kuamua yatakayompata, nusura ife. Rafiki yako mwokaji mikate alifiwa na mkewe. Aliporudi mezani, mhusika wake akauawa vitani. Akaweka dadu chini. "Jamani, mimi kucheza vifo siwezi tena." Akaondoka, na mchezo ukaishia hapo.

Dada hakukubali. Unamjua, akishika jambo haliachi. Alikwenda kututafutia mchezo mwingine, na mwenye duka la michezo akamtolea masanduku yanayong'aa, yote mapanga na damu. Akashukuru, akatoka mikono mitupu. Akawa anashona huku anasikiliza kwenye simu watu wakicheza michezo tusiyoijua, na ukimsemesha anakunyamazisha kwa kidole. Kisha akaenda ukumbi wa maktaba, ambako mtu yeyote hukaribishwa mezani kuonja mchezo mpya. Wa kwanza ulikuwa wa mizimu, alikimbia! Kwenye meza ya mwisho, nesi mmoja aliongoza mchezo wa mji unaojengwa upya baada ya mafuriko.

Dada akamuuliza, "Humu watu wanakufa?"

"Humu watu wanarudi nyumbani," nesi akajibu.

Akauazima papo hapo, akamfuata mwokaji kazini. "Sikuombi ucheze, ndugu yangu. Njoo ukae tu."

Jana alikuja, akakaa karibu na mlango. Tulipokuwa tukibishana tujenge nini kwanza, akashindwa kuvumilia: "Mnajenga soko kabla ya tanuri? Watu watakula matofali?" Tulicheka hadi Mama akaja kuchungulia. Mwokaji akavuta kiti, akachukua dadu.

Kaka, mimi namvulia Dada kofia. Wengine tulimwonea mwenzetu huruma. Yeye alimtafutia pa kukaa.

Wasalimie sana Wifi na yule mtundu wenu. Dada na Mama wanakukumbatia. Mungu akulinde uendako na urudiko.

Nilitaka kusahau: mtaa wa kwanza wa mji wetu, mwokaji ameupa jina la mkewe. Dada ameuandika kwenye ramani kwa herufi kubwa.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kitindamimba wenu