Mwenye Kiwanja Aliyekataa Kusaini

Rafiki yangu Wambura,

Wanafunzi wetu wa uzamili wamefanya zoezi la Musoma bila wewe. Mimi nilitaka lifutwe. Mkuu wa idara akasema kozi ya usimamizi wa miradi bila zoezi lile inabaki makaratasi matupu. Basi tukawalaza Bunda kama kawaida, na asubuhi tukawapeleka kwenye kile kiwanja cha mfano kando ya ziwa. Timu nne, kila moja na msanifu wake, mkadiriaji wake, mtu wake wa benki, na kiongozi anayejiona waziri. Kazi ni ileile: wabuni mradi wa nyumba na maduka, kisha wamshawishi mwenye kiwanja asaini. Timu isiyopata saini haiendelei, na alama zake zinaishia hapo.

Miaka yote mwenye kiwanja ulikuwa wewe. Ulivaa koti la marehemu baba yako, ukakamata fimbo, ukawatesa watoto wa watu. "Nyie mnapendaga kuchora kabla hamjasalimia!" ukawarudisha mlangoni waanze upya. Wakikuita mdau, unageuka nyuma kumtafuta huyo mdau. Mimi pembeni na karatasi ya alama, nauma midomo nisicheke. Lakini waliostahili uliwasainia, na jioni mkala nao sato.

Safari hii koti nimelivaa mimi. Shemeji, mkeo, alilituma kutoka Butiama baada ya mazishi, limefuliwa na kupigwa pasi. Linanipwaya mabegani. Nilikuwa nimesahau ulivyokuwa mtu mkubwa.

Wambura, sikuweza. Timu ya kwanza ilisalimia vizuri, ikauliza habari za ng'ombe, ikaeleza ghorofa zake. Nikasema hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu ilijiandaa kuliko timu zote nilizowahi kuona, nayo nikaikatalia, na sababu sikuwa nayo. Mmoja wao akanong'ona, "Huyu mzee anaigiza kweli?" Ilikuwa haki yake kuuliza. Wewe ndiye mtu pekee niliyemsimulia siku ile tulipohamishwa kwa nguvu, kule nyuma ya Bunda: mimi darasa la nne, juu ya lori, na baba ameukumbatia mlango alioung'oa kwenye nyumba yetu. Tangu hapo nimeishi nyumba za kupanga, mji kwa mji, nikiwafundisha wengine kuendeleza ardhi. Na sasa vijana hawa walikuwa wanapoteza alama kwa uchungu usiowahusu. Nililijua hilo, na bado neno ndiyo halikutoka.

Timu ya nne iliongozwa na Bhoke, binti wa Tarime mwenye sauti ya muuza dagaa. Hakufungua michoro.

"Shikamoo babu. Tunataka kujenga hapa kwako. Sasa tukianza, wewe na familia mtakaa wapi? Na mkirudi, mnataka muone ziwa au barabara?"

Baba hakuulizwa hivyo na mtu yeyote.

Nikasema, "Ziwa." Nikageuka kulitazama. Bhoke akadhani bado nawapima, akawazuia wenzake wasiseme. Kisha tukaongea, nikasaini.

Kisha nikavua lile koti, nikaziita zile timu tatu nilizozikatalia na kuziambia ukweli: mwenye kiwanja ndiye aliyekosea, na mchana watasikilizwa upya. Walisikilizwa. Ya kwanza na ya tatu zilipata saini. Ya pili waliniuliza vizuri sana, lakini hesabu zao zilikuwa mbovu. Hata wewe ungewafukuza. Bhoke alinisindikiza hadi kwenye gari. Kiwanja cha mwakani ni chetu, mimi na koti lako, nimekwisha kumwambia mkuu wa idara.

Ulinisihi mara nyingi nirudi nikapaone kwetu. "Mura, kijana wangu, unaogopa nyasi?" Nilikuwa nakwambia hakuna cha kuona, na ukawa unaniacha. Leo sina wa kunisihi, kwa hiyo naenda. Nimepata mtu wa pikipiki anayepajua, tunatoka Bunda kesho asubuhi.

Lala salama, mura. Nakuahidi nitafika pale nyumba ilipokuwa, nitakaa chini kwa muda ninaoutaka, na safari hii nitaondoka kwa kuamua mwenyewe.

Wako,
Nyamhanga