Mfini Tuliyembeba

Mjukuu wangu Kulwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Runzewe tu wazima, mama yako anavuna mpunga. Unauliza kama uache tenisi kwa sababu unashindwa kila mara.

Nilipokuwa msichana, Mfini mmoja aliyeishi kwa kucheza tenisi alimtembelea kaka yake, fundi wa mgodini, wakacheza. Sisi Wasukuma, kwenye mashindano ya ngoma, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watu karibu wote walihamia upande wa mgeni, basi mchezo ulipoisha tukambeba juu juu.

Kaka yake akacheka. "Huyo ndiye aliyeshindwa!"

Mgeni akafuta macho. "Nimezunguka nchi nyingi na raketi hii," akasema, "sijawahi kubebwa."

Ukicheza tena, matokeo yaache. Niambie watu walisimama upande gani.

Bibi yako,
Nyamizi