Wimbo wa Kumzikia Kaka Yake Rosa

Dada Mghoi mpendwa,

Nakusalimu kutoka Silver Spring, hapa Marekani kwa mwanangu Wakesho. Baridi inapenya hadi mifupani.

Jirani yake, mama mmoja aitwaye Rosa, ni wa wenyeji wa asili wa California, kule mapadri wa Kihispania walikojenga misheni zao zamani. Juzi alifiwa na kaka yake, tukaenda kumpa pole. Alitupa mikate ya mahindi iliyochemshwa ndani ya maganda, ya moto, yenye pilipili.

"Chakula hiki ndicho tulichobaki nacho," akasema. "Jina langu ni la Wahispania, sala ni zao, hata kulia nalia Kihispania. Kaka aliomba tumzike kwa wimbo wa kwetu. Nimewapigia simu jamaa wote, hakuna anayeujua hata mmoja."

Akanishika mkono. "Ninyi Waafrika mnazo nyimbo zenu. Niimbie wimbo mliowaimbia wafu kabla ya wamisionari kuja."

Nilianza kwa majivuno, dada. Ukatoka ule wa kanisani tuliomzikia mama. Nikajaribu tena, ukatoka mwingine wa kanisani. Wakesho akainamisha kichwa. Rosa akauachia mkono wangu taratibu.

Leo asubuhi kaka yake amezikwa kwa Kihispania. Nililia pale makaburini kama mimi ndiye niliyefiwa.

Wewe ndiye mkubwa wetu uliyebaki. Nakuombea afya na miaka mingi, na naogopa kukuuliza kama unakumbuka hata wimbo mmoja wa kwetu.

Mdogo wako akupendaye,
Mkawasi