Mkia ni wa Nani?

Stafford, Jumamosi, Agosti 2018. Joto la kunata. Hata kope zinatoka jasho.

Shajara, leo nimekiri mbele ya mama mkwe wangu kwamba mimi ni mbweha. Kwa hiari yangu.

Chanzo ni picha niliyoinunua Sugar Land, kwa mzee aliyekuwa anauza vitu vyake ili ahame. Ni ya Kijapani, ya zamani, iliyochapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Bibi kizee yuko mlangoni, mwanamke kijana yuko nyuma yake, na katikati ya magauni yao umechomoza mkia. Pembeni kuna maandishi. Nikaitundika sebuleni kwa sababu ni nzuri, basi.

Nikasahau kwamba mama mkwe ni mtu wa Tanga. Kwake, picha yenye maneno ni kanga, na kanga haivaliwi bure: kuna mtu anaambiwa. Huu ni mwezi wake wa tatu kwetu, amekuja kumlea mjukuu ili nirudi kazini hospitali. Juzi alisimama mbele ya picha, akamtazama bibi kizee, akautazama mkia, kisha akauliza jina lake nini. Alikuwa anauliza yale maneno yanasemaje.

Ningesema sijui. Lakini mimi na kukiri ujinga mbele ya mama mkwe, wapi na wapi. Nikaamua kumwambia ni "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nikasema "Mgeni...", ulimi ukakwama.

"Siku mbili," akamalizia yeye. "Ya tatu mpe jembe."

Akampigia simu binti yake anayeishi Dallas aje amchukue Jumapili. Mume wangu akanishauri niishushe ile picha. Sasa nikiishusha, si ndiyo nimekubali kosa?

Niseme ukweli. Sikuhofia malezi ya mtoto peke yake. Kabla Mama hajaja, nyumba hii tulikuwa tunaingia kulala na kutoka. Nampenda, na sijawahi kumwambia.

Jana nikamtumia picha hiyo mfamasia mmoja wa kazini, ambaye mama yake ni Mjapani. Jibu limekuja leo mchana. Maneno ni shairi la kale: ukungu umeuficha mlima, ila kilele kimechungulia. Mchoraji akalioanisha na hadithi ya mbweha aliyejigeuza mwanamke, akaolewa, hadi siku alipojisahau na mkia ukachungulia kama kile kilele. Huo ndio utani wake. Na bibi kizee ni mama mkwe tu, hana mkia wala kosa.

Mkia ni wa mkaza mwana.

Nilikaa jikoni nikitafuta namna ya kuitafsiri hiyo bila kujiumiza. Sikuipata. Nikaenda chumbani kwake. Sanduku lilikuwa limeshafungwa. Nikamweleza yote: kwamba sikujua, kwamba nilitaka kutunga, kwamba mwenye mkia ni mke wa mwanawe. Nikamwomba asiondoke, na nikamwambia nampenda.

Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakalia sanduku. Akachukua simu.

"Usije," akamwambia wifi yangu. "Mbweha amejitaja mwenyewe. Nikiondoka, nani atamlinda kaka yako?"

Sijui kama nimesamehewa au nimewekewa mlinzi. Sanduku limerudi chini ya kitanda. Mengine nitayavumilia kukicha.